Mafundo Uliyotuachia, Dona Celeste

Dona Celeste,

Hodi. Kama huko uliko mlango upo, fungua, ni mimi Mista wa Olumbi. Kama mlango haupo basi nimekwisha kuingia, nivumilie tu kama ulivyozoea kunivumilia.

Naandika mwenyewe kwa mkono wangu. Nalisema hilo mapema usije ukadhani nimemshikisha Profesa Ernesto kalamu. Alitaka. Alisema, "Mista, wewe sema, mimi niandike, itatoka safi." Nikamwambia, "Profesa, mkono uliodaka penalti Mtwara hauwezi kushindwa na kalamu." Unajua herufi nilizolelewa nazo ni zile za chuoni, zinazotoka kulia kwenda kushoto. Hizi nyingine nimezidandia ukubwani, ndiyo maana mstari wangu unapanda mlima halafu unateleza. Ukiona neno limekatika, jua hapo nimepumzika. Au hapo pana jambo jingine ambalo si lazima nilieleze.

Naandika kwa sababu kuna swali lako nililolijibu haraka. Ulikuwa Pemba, hii yetu ya Msumbiji, kitandani, simu inakwaruza. Ukaniuliza: "Mista, nikichelewa kurudi, mafundo yatakufa?" Nami nikakujibu kama ninavyojibu kila kitu, "Yafe vipi, na mimi nipo?" Ukacheka. Ukakohoa. Ukasema, "Tatizo ni hilo hilo, Mista, kwamba wewe upo." Simu ikakatika. Nikasema kesho nitapiga, nikupe jawabu la kukukomesha. Kesho yake...

Basi. Walikuzika kwenu Nampula na sisi hatukufika. Barabara siku zile unaijua. Tuliketi hapa hapa, wewe Mkristo, sisi Waislamu, Profesa Ernesto Mkristo wa peke yake katikati yetu kama chumvi kwenye sukari. Mwalimu Shaha akasema kila mtu agonge kwa mlango anaoujua, Mwenye nyumba ni mmoja. Tukagonga.

Sasa nimekuja kukujibu lile swali vizuri, lakini siwezi kulijibu kwa neno moja. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha kutojibu haraka.

Unaikumbuka siku uliyoingia Olumbi mara ya kwanza? Mimi naikumbuka kuliko wewe. Sisi watu wa hapa tulikwisha kuona fomasau nyingi, hizo semina za wakubwa. Gari linakuja, mtu anateremka na kompyuta, anatumwagia Kireno cha mjini, tunapiga makofi, tunapewa soda na mkate wenye yai, tunapigwa picha, gari linakwenda zake na vumbi linabaki kwetu. Mimi nilikuja kwa ajili ya mkate wenye yai, sifichi. Shefe, mkuu wa kijiji, alituma neno kwamba wanatakiwa wote "wanaofanya kazi na vijana". Basi nikaja mimi, mwalimu wa mpira, ambaye watoto wote wa Olumbi wananiita Mista na wengine hawajui hata jina nililopewa na baba yangu. Akaja Mwalimu Shaha wa madrasa. Akaja Bi Zaituni anayefundisha wasichana kushona. Akaja Profesa Ernesto wa shule. Na wengine wengi, wa mkate. Nilibeba kiti changu kutoka nyumbani, kwa sababu mista hakai benchi moja na wachezaji.

Ukasimama mbele yetu. Kapulana, ile kanga ya kwenu, ya manjano, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Shefe akataka akutafsirie, ukamzuia kwa kiganja. Ulisema Kiswahili umekiokota sokoni Palma, kwa wanawake wanaokaanga samaki, na utakisema hata kama kitakung'oa meno. Ukavuta pumzi. Ukapaza sauti kama mtu anayeadhini:

"Jamani, karibuni kwenye mafundo!"

Mafunzo, Dona. Ulitaka kusema mafunzo.

Bi Zaituni alijifunika uso kwa mtandio, mabega yanacheza. Mwalimu Shaha, mtu ambaye meno yake tulikuwa tunayaona Idi hadi Idi, alicheka mpaka kofia ikamdondoka. Na mimi, ambaye tangu nizaliwe sijauona mpira ukielea nikaacha kuurukia, nikasimama juu: "Dona, mafundo tunayo tele humu vifuani, hatuna haja ya kuletewa mengine kwa gari la serikali!"

Ukumbi ulipasuka. Nilikaa chini kwa raha kama mtu aliyefunga bao.

Mtu mwingine angekasirika, au angejikausha akaendelea kama hakusikia. Nimewaona wengi, mabingwa wa kujikausha. Wewe ulingoja kicheko kiishe chenyewe, halafu ukauliza, "Fundo ni nini?" Kama mtoto vile. Bi Zaituni akashika pembe ya kanga yake, akaipiga fundo, akakuonyesha. Kisha akajigusa kifua. "Na lingine linakaa hapa. Mtu amekukera na wewe hukusema."

Uliitazama ile pembe ya kanga. Ukarudi mezani, ukayakusanya makaratasi yako yote uliyosafiri nayo kutoka Palma, ukayatia mkobani, ukafunga zipu. Ukasema, "Basi sikukosea. Ndiyo hayo niliyoyafuata."

Hapo ndipo nilipoanza kukuogopa, Dona. Mimi nimecheza na watu wakubwa kuliko mti, sikuwaogopa. Lakini mtu anayeweza kuchekwa na ukumbi mzima akaokota kile kicheko akakifanya kuwa kazi, huyo ni hatari.

Ukatuambia: kila mmoja hapa ana kijana anayemshinda. Huyo ndiye fundo lake. Alete hapa tulitazame pamoja, tusilikate, tulifungue. Nani ataanza?

Nani ataanza kusema kijana kamshinda, mbele ya watu, Olumbi hii? Nikasimama tena. Nikakuambia mimi sina fundo. Vijana wangu wote nikisema kaa wanakaa, nikisema ruka wanaruka, na hata wasiopo nikiwataja wanaruka huko huko waliko. Watu wakatega masikio waone utanijibu nini. Ukainamisha kichwa kwa heshima, ukasema, "Basi Mista awe mgeni wetu wa heshima. Akae atusikilize, maana sisi wengine bado tunahangaika."

Nilikaa kama gavana. Kifua mbele. Ilinichukua mpaka nimefika nyumbani, nakula, tonge liko mkononi, ndipo nikaelewa kwamba umenifunga mdomo siku nzima, na umenifunga kwa utepe wa hariri. Mke wangu akaniuliza, "Unacheka nini?" Nikamwambia, "Leo nimefungwa bao, na kipa ni mimi."

Nikarudi safari ya pili. Mkate wenye yai haukuwepo, na wale wa mkate hawakurudi. Nilirudi kwa sababu nilitaka kuona utanifunga vipi tena.

Nataka kusema juu ya ufundi wako, maana hapa wapo wanaosema, "Dona alikuwa mpole tu, mtu wa watu." Mpole! Ulikuwa mkali kuliko mimi, ila ukali wako ulikaa mahali pamoja tu. Mtu akileta fundo lake, hakuna ruhusa ya kumpa shauri. Kuuliza tu. Kila mmoja aulize, mpaka maswali yaishe, na shauri likija lije mwishoni, na lije kutoka kwa mwenye fundo mwenyewe. Kwetu hili ni jambo geni. Sisi tumelelewa kwamba mtu mzima akiombwa neno hutoa neno, na asiyekuwa na neno ni mkavu. Kumwambia mzee wa pwani aulize bila kuonya ni kama kumwambia ale wali bila kugusa sahani.

Profesa Ernesto alipoleta fundo la yule mwanafunzi anayelala darasani, mimi niliuliza: "Je, huoni kwamba ungemwamsha kwa kofi?" Ukanitazama juu ya miwani. "Mista, hilo swali limevaa kofia ya swali. Livue, ndani ni bakora." Watu wanacheka mpaka leo. Hata juzi Bi Zaituni kanirushia, nilipomuuliza kama haoni wali wake una chumvi nyingi. "Mista, vua kofia!"

Halafu ile siku ya kipa wangu. Nataka niandike hii polepole.

Momade alikuwa kipa bora niliyepata kumfundisha, na unajua kwangu neno hilo ni ghali, maana nikimsifu kipa najipunguza mwenyewe. Wale watu wa bunduki wakaingia, ukaja wakati wa kukimbia. Kila mtu alikimbia na alichoweza kubeba. Tuliporudi, vijana wakarudi mmoja mmoja, nikafyeka uwanja kwa mkono wangu, nikatengeneza goli kwa mianzi. Momade akaja mazoezini, akakaa kidogo, akaondoka. Akaja tena, akaondoka. Nikasema huyu moyo wake umekwisha. Nilimwita jina moja baya mbele ya wenzake, silirudii. Hakuja tena.

Mpaka siku nikachoka kuwa mgeni wa heshima. Nikasema, haya, na mimi ninalo moja, dogo tu, nawapa mjifunzie. Nikasimulia. Mkauliza. Nyumbani kwake nani yupo? Anakula? Anazungumza na nani? Nikajibu huku nataka kwenda zangu. Ndipo Bi Zaituni, kwa ile sauti yake ya kutia uzi kwenye sindano, akauliza: "Huwa anaondoka wakati gani hasa?"

Nikasema, "Akifika anasalimia, anavaa glavu, anakwenda golini vizuri. Nikipuliza filimbi tu..."

Nikaitazama filimbi shingoni mwangu.

Wote waliokuwa pale walikuwa wamekimbia, Dona, isipokuwa wewe. Wote walijua wale watu walipoingia walikuwa wanaitana vipi kutoka upande huu wa nyumba hadi ule. Na wewe, ambaye ungeweza kunitazama tu, kutazama kungetosha, ungeweza kunivua nguo mbele ya watu wote wa Olumbi, wewe uliinuka ukauliza kama chai imeiva.

Ukaenda kutazama chai. Ukachelewa makusudi. Uliporudi mimi nilikuwa nimekwisha kupangusa uso kwa kofia.

Sikusema nimekosa, na hata leo sisemi, maana filimbi ni chombo cha mista duniani kote. Ila tangu siku ile tunafanya mazoezi kwa makofi. Moja kuanza, mawili kusimama, na ukisikia matatu jua nimekasirika. Momade amerudi golini. Mista wa Palma alikuja akaona, akastaajabu, sasa na yeye anapiga makofi. Nimemwambia ni ufundi wangu nilioubuni. Usinikasirikie. Nilitaka kueleza zaidi lakini alikuwa na haraka.

Sasa nije kwenye jawabu lako.

Ulipoondoka, ofisini kwenu Palma walisema kwa sasa hakuna wa kukaa mahali pako, tungoje. Chumba tulimokuwa tunakutana kikageuzwa ghala la saruji. Tukangoja. Watu wakaanza kupishana njiani kama wageni. Mwalimu Shaha akasema, "Aliyekuja nayo ameondoka nayo." Profesa Ernesto akasema bila mkufunzi mwenye cheti si halali. Bi Zaituni akanifuata uwanjani katikati ya mazoezi, kitu ambacho hata mke wangu hathubutu. "Mista, si wewe uliyemwambia Dona kwamba upo? Haya, uko wapi?"

Nikaita watu. Tukakutana uani kwa Bi Zaituni, kwenye cherehani zake. Walikuja wengi, Dona, kwa sababu yako. Nilivaa kanzu ya Idi. Nikasimama, na nilipowaona wote wamenigeukia mimi, wananingoja mimi, nikasahau kila kitu. Nikatoa hotuba. Nilianzia kwenye ile penalti ya Mtwara, nikapita kwenye adabu za zamani, nikashuka kwenye vijana wa siku hizi na simu zao, nikarudi Mtwara. Nikasikia cherehani moja imeanza, ta-ta-ta-ta. Nikapandisha sauti. Ikaanza ya pili. Nikapandisha tena. Wasichana wakaongeza mwendo. Nilipomaliza, nikauliza kama ulivyokuwa unauliza, "Nani ana fundo?" Watu wakajipangusa vumbi, wakaniaga kwa adabu. Bi Zaituni akasema, "Mista, umesema vizuri." Unaijua ile "umesema vizuri" ya Bi Zaituni. Ni kadi nyekundu iliyopigwa pasi.

Basi jawabu langu la kwanza ni hili: yalikufa. Yalifia mikononi mwangu, mchana, watu wanatazama. Nakuambia mwenyewe, kwa sababu Bi Zaituni akifika huko atakusimulia kabla hajavua viatu.

Nilikaa ndani. Mke wangu akadhani homa. Nilikuwa najiuliza kitu kimoja tu: yule mwanamke alikuwa anafanya nini? Maana kwa macho alikuwa hafanyi kitu. Anakaa. Anauliza. Anakwenda kutazama chai. Mimi ninayejua kazi ya kipa nilipaswa kukuelewa kabla ya wote. Watu wanasema kipa hana kazi, kasimama tu. Hawajui kwamba kusimama kule ndiyo kazi.

Nikaita tena. Wakaja wachache, wale wale: Bi Zaituni, Profesa Ernesto na Mwalimu Shaha, aliyekaa karibu kabisa na mlango kama mtu aliyepitia tu. Nikafungua kinywa niwakaribishe. Bi Zaituni akaninyoshea kikombe cha maji. "Chukua funda. Usimeze."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mbele ya watu, Bi Zaituni, mtu mzima kama mimi?"

"Mtu mzima kama wewe ndiye anayehitaji. Chukua."

Nikachukua. Nilikaa pale mashavu yamejaa kama bunju, hasira imenijaa mpaka masikioni. Profesa Ernesto anatazama juu asicheke. Na katika kimya kile, kimya ambacho bila yale maji nisingekiacha kiishi hata kidogo, Mwalimu Shaha akasema kutoka mlangoni: "Mimi ninalo moja."

Hajawahi, Dona. Wakati wako wote hakuwahi kuleta hata moja. Alikuwa anauliza maswali ya wengine tu, na nakumbuka ulisema, "Mwalimu mwacheni, fundo lake likiiva litamwambia."

Akasema ana mwanafunzi mkubwa, msomaji mzuri, anakaribia kuhitimu. Huyu kijana alimuuliza mbele ya darasa zima: "Mwalimu, wale waliotuchomea nyumba walikuwa wanalitaja jina la Mungu, hili hili unalotufundisha. Sasa sisi mwongo tutamjua vipi?" Mwalimu Shaha akamwambia nyamaza, soma. Kijana amenyamaza kweli. Anasoma. Lakini tangu siku hiyo hamtazami usoni. Mwalimu Shaha akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. "Naogopa," alisema. "Nisipomjibu mimi, atajibiwa na mwingine. Na huyo mwingine simjui ni nani."

Kila mmoja wetu alimjua huyo mwingine. Uwanja wangu wa mpira una mapengo ya vijana waliojibiwa na mwingine.

Na mimi nilikuwa na jawabu! Wallahi, nilikuwa nalo, refu, lenye mifano, lingeanzia Adamu. Maji yakanizuia. Nilimtazama Bi Zaituni kwa macho aniruhusu nimeze. Akatikisa kichwa.

Akauliza yeye: "Alipokuuliza, Mwalimu, sauti yake ilikuwaje? Ya ubishi au ya kulia?"

Mwalimu Shaha akafikiri. Alifikiri sana. "Ya kulia," akasema, kama mtu anayeisikia sasa hivi.

Profesa Ernesto akauliza taratibu, na kile Kiswahili chake cha mtu wa kutoka Zambezia: "Na wewe, Mwalimu, uliporudi ukakuta madrasa ni majivu, ulifanya nini?"

"Nilikaa chini nikalia."

"Wanafunzi wanajua?"

"Hawajui. Mwalimu halii mbele ya wanafunzi."

Maswali yalikwisha. Hakuna aliyekwenda kutazama chai, maana aliyekuwa anakwenda... Lile funda nililimeza bila kuamrishwa, na liliposhuka nikaona jawabu langu refu limeshuka nalo. Sikulitafuta.

Mwalimu Shaha akavaa kofia. Akasema, "Nitakwenda kuwaambia." Basi. Akatafuta viatu vyake.

Ndipo Bi Zaituni, machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka, akasema, "Serikali ilitutakia mafunzo, Dona akatuletea mafundo, na Mista katuletea mafunda!" Tulicheka, Dona. Tulicheka kama siku ile ya kwanza, mpaka Mwalimu Shaha akarudi mlangoni kuuliza kuna nini, na yeye akacheka, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi.

Alikwenda, akawaambia. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba alilia, na kwamba swali lile hata yeye hulala nalo, na kwamba hatamwambia tena mtu anyamaze kwa sababu kauliza. Wakafungua kitabu wakalitafuta jawabu pamoja, yeye na wao, siku nyingi. Wamelimaliza? Sijui. Nilipomuuliza yule kijana yukoje, Mwalimu alisema tu, "Sasa ananitazama." Jana nilimwona kijana mwenyewe akiwavusha watoto wadogo barabara kubwa kuwapeleka madrasa, anawakemea kwa sauti ile ile ya Mwalimu Shaha, mpaka kikohozi.

Jawabu langu la pili, basi, na ndilo lenyewe: yako hai. Tunakutana. Kila mara nachukua funda. Silazimishwi tena, nakwenda mwenyewe kwenye mtungi, na Profesa Ernesto akisahau swali akaanza kutoa mawaidha, namnyoshea kikombe bila neno. Na cheti hakitaji tena.

Nakuambia jambo moja ambalo ukiwa hai nisingekuambia, ungelitumia vibaya. Nimefundisha vijana tangu ndevu zangu nyeusi. Nilikuwa najua kumfundisha mtu kuruka, kudaka, kuanguka bila kuumia. Sikujua kwamba na sisi tunaofundisha tunaweza kufundishwa, tena tukiwa na mvi, tena na mwanamke wa mbali asiyejua kutenganisha fundo na funzo. Katika mista wote niliokutana nao, wa hapa na wa Tanzania, na wale wa kwenye redio, hakuna aliyekufikia. Nimekwisha kulisema, silirudii.

Na sasa habari ya mwisho. Watu wa Quiterajo walikuwa na jamaa zao huku, wakaja uani kwa Bi Zaituni, wakakaa, wakasikiliza. Wamerudi kwao, wametuma neno: njoni mtufungulie na kwetu. Wanao vijana waliorudi, wanao walimu wasiojua waanzie wapi. Ni mbali, unaijua ile njia, shapa, vile vibasi vya kubanana, kisha pikipiki kisha miguu ya mtu mwenyewe. Mke wangu kasema nimezeeka. Nimemwambia waliozeeka ni magoti, mimi bado. Tunakwenda wote wanne. Hakuna gari la serikali, hakuna soda. Bi Zaituni anaandaa mikate, na mayai nimetoa mimi, kuku wangu, andika hilo.

Lala salama, Dona Celeste, kwenye udongo wa Nampula. Ukiona kimya huku usidhani tumekusahau, tumejaza maji mdomoni. Mungu akupe mahali pa kukaa wewe, na mtu wa kukuletea chai, maana zamu yako ya kuitazama imekwisha.

Ahadi yangu ni hii. Tukifika Quiterajo lazima watauliza mambo haya ni ya nani. Nitasimama, na unajua mimi nikisimama inavyokuwa. Nitasema ni ya Dona Celeste. Jina lako litatangulia, nitalitamka lote, na polepole, mpaka mtu wa mwisho nyuma alisikie. Langu litafuata la pili.

La pili, Dona. Bi Zaituni anasema liwe la nne, baada ya lake na la Mwalimu na la Profesa. Hilo hapana.

Mimi,
Mista, Olumbi